Picha Mbili za Ini Moja

Saratani ya ini huweza kusinyaa, hata kutoweka, bila mgonjwa kupasuliwa wala kupewa dawa ya kuiua. Ni jambo nadra mno, lakini limeandikwa na madaktari wa nchi nyingi, limepigwa picha, na mara kadhaa limethibitishwa kwa kipande cha nyama kilichotazamwa kwa hadubini. Anayeishi Garsen, Ngao, Hola au Kipini, katika kaunti ya Tana River nchini Kenya, ana haki ya kulijua. Habari za mtu aliyeambiwa ana uvimbe wa ini, akarudishwa nyumbani akafie kwao, kisha akaonekana sokoni miezi kadhaa baadaye akinunua samaki, hazikosekani mahali popote pwani. Kila msimulizi ana maelezo yake: dua, mizizi, kombe, maombi ya usiku kucha. Ninachodai hapa ni kwamba kusinyaa kwa saratani ni kweli ya aina yake, kweli inayojulikana tu pale penye picha mbili, ya kwanza ikionyesha kilichokuwepo na ya pili ikionyesha kilichobaki. Picha hizo zikikosekana hatuna la kuthibitisha wala la kukanusha. Na upungufu uleule unaotunyima ushahidi wa aliyepona ndio unaotunyima hesabu ya waliokufa, ambao ni wengi kupita kiasi, na wengi wao walikuwa na ugonjwa uliozuilika.

Mipaka ya jambo lenyewe iliwekwa mwaka 1966, Tilden Everson na Warren Cole, madaktari wa upasuaji wa Chicago, walipotoa kitabu kuhusu saratani zinazorudi nyuma zenyewe. Walipitia maandishi ya kitabibu tangu mwaka 1900, wakachuja, wakabaki na kesi 176 tu walizoona zinastahili kuaminiwa. Sharti lao lilikuwa kwamba uvimbe uwe umepungua au umetoweka bila tiba yoyote, au kwa tiba ambayo daktari yeyote makini angekiri haikutosha kuuondoa. Hawakudai kwamba mgonjwa amepona. Uvimbe unaweza kupungua kwa muda kisha ukarudi, na unaweza kunywea upande mmoja wa mwili huku ukikua upande mwingine. Zaidi ya nusu ya kesi zao zilikuwa za aina nne: saratani ya figo, neuroblastoma ya watoto, melanoma ya ngozi na koriokasinoma inayoanzia kwenye kondo la nyuma. Makadirio yaliyotokana na kazi hiyo, ambayo hunukuliwa hadi leo, ni mgonjwa mmoja kwa kila 60,000 hadi 100,000. Ini lilichelewa kuingia katika orodha. Mwaka 1982 madaktari wa Hong Kong walichapisha kesi ya mgonjwa ambaye saratani yake ya ini ilirudi nyuma yenyewe, na tangu hapo taarifa zimeongezeka kutoka Ulaya, Marekani, Korea na, zaidi ya kwingine, Japani. Hata hivyo zilizoandikwa vizuri ulimwenguni kote hazizidi mia chache, katika ugonjwa unaogunduliwa kwa watu zaidi ya 860,000 kila mwaka.

Mbona Japani? Ini la Mjapani halina uwezo ambao ini la Mpokomo au Muorma halina. Japani ilijenga desturi ya kuwafuatilia watu wenye homa ya ini ya kudumu, kuwapiga picha na kuwapima damu kwa vipindi vilivyopangwa, kwa hiyo uvimbe ukitokea unaonekana, na ukisinyaa unaonekana vilevile. Ramani ya saratani zilizotoweka, ukiitazama vizuri, ni ramani ya mashine za CT na ya kliniki zinazomwita mgonjwa arudi. Hii ndiyo sababu nasema suala hili linaihusu Tana River moja kwa moja, ingawa kwa haraka linaweza kudhaniwa kuwa la hospitali za mbali zenye anasa ya kuchunguza maajabu.

Hebu tutazame picha yenyewe inasema nini. Ini lenye afya hupata takriban robo tatu ya damu yake kutoka kwenye vena kubwa inayokusanya damu ya matumbo, na sehemu iliyobaki huletwa na ateri. Saratani inayoanzia ndani ya ini hugeuza mpango huo: hujitengenezea mishipa yake na kuishi kwa damu ya ateri. Mtaalamu wa picha hutumia tofauti hiyo kuinasa. Mgonjwa hulazwa kwenye meza ya CT, hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa mkononi, na picha huchukuliwa kwa awamu. Katika awamu ya kwanza, nusu dakika hivi baada ya sindano, dawa ikiwa bado imo kwenye ateri, donge la saratani hung'aa kuliko nyama iliyolizunguka. Dakika chache baadaye, ini lote likiwa limepokea dawa kutoka kwenye vena, donge lilelile hufifia na kuwa jeusi kuliko jirani zake, pengine likiwa limezungukwa na mstari mwembamba kama ganda. Kung'aa kwanza na kufifia baadaye ni alama yenye nguvu kiasi kwamba, kwa mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, au homa ya ini B ya kudumu, madaktari wanaweza kuitambua saratani bila kukata kipande cha nyama. Sasa chukua picha ya pili ya mgonjwa huyohuyo miezi michache baadaye. Donge limepungua, halina mng'ao katika awamu ya kwanza, na mahali lilipokuwa pamebaki kovu. Pamoja na picha hupimwa damu: protini iitwayo AFP, ambayo huwa juu kwa wagonjwa wengi wa saratani hii ingawa si wote, imeshuka karibu na kiwango cha kawaida. Daktari akiwa na picha hizo mbili, vipimo hivyo viwili, na ikiwezekana matokeo ya hadubini, ndipo anapoweza kusema amemwona mtu ambaye saratani yake imerudi nyuma.

Kwa nini itokee? Maelezo yaliyokusanywa ni ya aina mbili kubwa, na yote mawili yana mashiko. La kwanza ni njaa ya damu. Saratani inayotegemea ateri iko hatarini ateri hiyo ikiziba, ikipinda, au shinikizo la damu likianguka ghafla, kama inavyotokea kwa mgonjwa aliyetapika damu nyingi. Nyama ya ini inayoizunguka huokoka kwa sababu ina vena yake. Saratani haina njia ya pili, hufa ikakauka. Wagonjwa kadhaa waliopasuliwa baada ya uvimbe wao kusinyaa walikutwa na donge la seli zilizokufa ndani ya kovu. Maelezo haya hayakubaki nadharia. Madaktari waliyageuza kuwa tiba: hupitisha mrija mwembamba kwenye ateri hadi kwenye uvimbe, humwaga dawa ya saratani na kuziba mshipa. Mwaka 2002 majaribio mawili, moja la Hong Kong na jingine la Barcelona, yalionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa vizuri wakifanyiwa hivyo huishi muda mrefu zaidi. La pili ni kinga ya mwili. Kesi nyingi zilitanguliwa na homa kali, maambukizi au mchochota wa ghafla mwilini, kana kwamba askari waliokuwa wamelala waliamshwa na vita vingine wakamkuta adui huyu pia. Mbali na haya mawili wapo waliokuwa wakitumia homoni, pombe au dawa fulani, wakaacha, na uvimbe ukapungua.

Ushahidi wa nguvu ya kinga hatulazimiki kuufuata ng'ambo. Mwaka 1971, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa Kampala mwaka 1967, madaktari Avrum Bluming na John Ziegler walimwandika mtoto mwenye limfoma ya Burkitt, saratani ambayo Denis Burkitt aliielezea kwa mara ya kwanza mwaka 1958 akiwa hukohuko Kampala. Mtoto yule alikuwa na uvimbe uliotokeza jichoni. Kabla hajapewa dawa ya saratani alipatwa na surua, na surua ilipokuwa ikimwenea mwilini, uvimbe ulisinyaa. Taarifa yao ilichapishwa katika jarida la Lancet. Hakuna daktari mwenye akili timamu aliyetoka hapo akaanza kuwaambukiza watoto surua, ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wengi Afrika Mashariki miaka hiyo. Walichofanya watafiti, kwa muda wa miongo kadhaa, ni kuuliza kirusi kile kilifanya nini ndani ya seli za saratani na kinga ilikiona vipi. Mwaka 2014 hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani ilitangaza kwamba ilikuwa imetumia kirusi cha surua kilichobadilishwa maabara kumtibu mgonjwa wa saratani ya uboho, na saratani ikarudi nyuma. Kwa saratani ya ini yenyewe, tangu mwaka 2020 tiba inayoamsha kinga, ikichanganywa na dawa inayozuia mishipa mipya ya uvimbe, imekuwa miongoni mwa tiba za mwanzo kwa wagonjwa ambao hawawezi kupasuliwa. Mtoto mmoja wa Kampala hakuthibitisha haya yote peke yake, wala isidaiwe hivyo. Lakini uchunguzi wake unaonyesha njia nzuri ya kulipokea ajabu: liandike, lipige picha, uliza limetokeaje, kisha tafuta namna ya kulifanya limtokee mwingine kwa makusudi.

Wapo wanaosema kwamba kesi hizi zote ni makosa ya utambuzi, kwamba aliyepona hakuwa na saratani tangu mwanzo. Pingamizi hili ni zito, na likiletwa Tana River linakuwa zito zaidi. Ini la mtu wa bonde hili linaweza kuvimba kwa mambo mengi. Jipu la amiba hutokea upande wa kulia wa ini, humtia mtu homa, maumivu chini ya mbavu na kukonda, na kwa ultrasaundi ya haraka linaweza kudhaniwa kuwa saratani. Mgonjwa huyo akimeza metronidazoli alizonunua duka la dawa kwa ajili ya tumbo, jipu litaanza kupona na shimo lake litajifunga polepole kwa miezi. Kama wakati huohuo alikuwa akinywa mizizi, ni mizizi itakayosifiwa. Upo uvimbe wa maji unaosababishwa na mnyoo wa mbwa, ambao ulichunguzwa sana Turkana na unaweza kumpata mfugaji yeyote anayeishi na mbwa na mifugo. Upo uvimbe wa mishipa usio na madhara ambao mtu huzaliwa nao au huishi nao bila kujua. Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipiga Garissa, Ijara na Tana River, na kirusi chake nacho hushambulia ini. Kwa hiyo nakubali bila kusita kwamba masimulizi mengi ya saratani iliyotoweka, pengine karibu yote yasiyo na picha, ni ya magonjwa haya mengine. Ila pingamizi haliwezi kufuta kesi ambazo nyama ilikatwa kabla na ikaonekana ni saratani, wala zile ambazo uvimbe ulipasuliwa baadaye na mabaki ya seli zake yakaonekana yamekufa. Kesi hizo zipo. Pingamizi linachofanya ni kuonyesha thamani ya kupima vizuri: aliyedhaniwa ana saratani kumbe ana jipu amehukumiwa kifo bure, na tiba yake ingekuwa vidonge vya siku chache.

Kuna wanaokwenda upande wa pili na kusema: kama madaktari wenyewe wamekiri kwamba saratani inaweza kutoweka bila dawa zao, wana haki gani ya kuwakanusha waganga? Swali hili halipaswi kupuuzwa, kwa sababu watu wa pwani na wa bara walikwisha kulijibu kwa miguu yao. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 za Tanzania katika kijiji cha Samunge, na foleni za magari zilifika kilomita nyingi, Wakenya wakiwemo. Maelfu kwa maelfu walikunywa. Je, inawezekana kwamba miongoni mwao yupo mtu ambaye uvimbe wake ulisinyaa? Kwa umati wa ukubwa ule, inawezekana kabisa, awe amekunywa au hakunywa. Hapo ndipo hoja ya mganga inapovunjika, na inavunjwa na kitu kilekile alichotaka kukitumia. Kusinyaa kwa saratani kunatokea kwa Mjapani, kwa mgonjwa wa Hong Kong, kwa mtoto wa Kampala aliyepata surua. Hakungoji kikombe. Ili kikombe kipewe sifa, ingebidi waliokunywa wapone kwa wingi kuliko wasiokunywa, na hesabu hiyo inahitaji picha za kabla na za baada za wote, pamoja na waliorudi nyumbani wakazikwa. Waliozikwa hawarudi kutoa ushuhuda. Na kuna jambo la kuumiza zaidi: wapo walioacha dawa za virusi vya Ukimwi na za kisukari baada ya kunywa, wakiamini wamepona. Dawa za kienyeji nazo si salama kwa ini kwa sababu tu zimetoka porini. Ini ndilo linalochuja kila kinachoingia tumboni, na mizizi isiyojulikana kipimo chake inaweza kulimalizia nguvu iliyobaki.

Sasa hesabu ya kusubiri. Hata tukichukua makadirio ya juu kabisa yaliyowahi kutolewa kuhusu ini, kusinyaa kwenyewe hakufiki nusu ya mtu mmoja kwa kila wagonjwa 100. Upande wa pili wa mizani tuna takwimu zetu wenyewe. Mwaka 2017 watafiti waliounganisha vituo vya nchi tisa za Afrika, Tanzania, Uganda na Ethiopia zikiwemo, walichapisha habari za wagonjwa zaidi ya 2,500 wa saratani ya ini. Ukiiweka Misri kando, nusu ya wagonjwa wa nchi zile nyingine walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili na nusu baada ya kutambuliwa. Misri, ambako watu wengi hufuatiliwa na kutibiwa, muda huo ulikuwa karibu miezi 11. Umri nao unatisha: wa katikati ulikuwa miaka 46 katika nchi hizo nyingine, dhidi ya 58 Misri. Huyu ni baba ambaye watoto wake bado wako shuleni, ni mama anayelima shamba la kando ya mto. Kumwambia mtu wa namna hiyo asubiri kuona kama uvimbe utaondoka wenyewe ni kumpotezea miezi aliyobakiwa nayo.

Ni nini kinachomfikisha huko akiwa kijana hivyo? Visababishi viwili vinatawala sehemu yetu ya dunia, na vyote viwili vipo kwenye bonde la Tana. Cha kwanza ni kirusi cha homa ya ini B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi nacho. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki nacho maisha yote hufika 90 kwa 100. Mtu mzima akiambukizwa, haufiki 5 kwa 100. Saratani inayomuua mtu akiwa na miaka 46 mara nyingi mbegu yake ilipandwa alipokuwa mikononi mwa mama. Cha pili ni sumukuvu, hasa aflatoksini, inayotengenezwa na kuvu wa mahindi na njugu. Yeyote aliyefungua gunia la mahindi yaliyovunwa kwa haraka maji ya mto yakipanda anaijua hali yenyewe: joto linalotoka katikati ya gunia, harufu ya uvundo, punje zilizoshikana, na vumbi la kijani kibichi kwenye kiini. Punje mbaya huchambuliwa, zilizobaki husagwa, na ugali unaopikwa haupotezi sumu hata uchemke vipi. Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliharibu mashamba, na mahindi yaliyookolewa yalikaushwa popote palipopatikana pakavu. Sumu hii ikiwa nyingi huua mara moja: mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huharibu jeni inayozuia saratani. Uchunguzi wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kinachotokea viwili hivi vikikutana: aliyekula sumukuvu peke yake hatari yake ilikuwa mara tatu hivi, mwenye kirusi peke yake mara saba, na mwenye vyote viwili karibu mara 60.

Nikiwaza juu ya takwimu hiyo ya mwisho, naona jinsi mjadala wa miujiza unavyotuondoa mahali penye kazi. Serikali ililijua tatizo la mahindi kiasi cha kutumia Aflasafe, kuvu wasio na sumu wanaomwagwa shambani kuwashinda wenye sumu, katika skimu za umwagiliaji za Hola na Bura. Lakini mkulima mdogo wa Wema au Hewani, anayelima nje ya skimu, hukausha mahindi yake chini na kuyahifadhi ndani ya nyumba. Turubai la kukaushia, kipimo cha unyevu kwa kila kikundi cha wakulima, na mifuko isiyopitisha hewa ni vitu vya bei inayobebeka. Kuhusu kirusi, Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto Novemba 2001, na hilo ni jambo kubwa. Taiwan ilianza mwaka 1984, na ndani ya miaka kumi hivi saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilishuka karibu nusu. Ila ratiba ya kawaida ya Kenya, kwa zaidi ya miaka 20, imempa mtoto dozi ya kwanza akiwa na wiki sita. Mama mwenye kirusi humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na wiki sita ni kuchelewa. Ndiyo maana tangu 2009 Shirika la Afya Duniani limependekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24.

Nasikia pingamizi la watu wa bajeti: kaunti inayopambana na ukame mwaka huu na mafuriko mwaka ujao, yenye malaria, wajawazito wanaojifungulia nyumbani na vijiji visivyofikika mvua zikinyesha, itaanzia wapi kuzungumzia picha za ini? Jibu langu ni kwamba sidai mashine ya CT iwekwe Garsen. Nadai mnyororo. Mradi wa vifaa vya hospitali ulioanza 2015 ulilenga hospitali mbili katika kila kaunti, na ultrasaundi ilikuwa sehemu yake. Ultrasaundi yenye mtu anayejua kuitumia, Hola na Ngao, pamoja na kipimo cha damu cha homa ya ini B kinachotoa jibu kwa dakika chache, vinatosha kumtenga mwenye jipu, mwenye kirusi na mwenye donge la kutiliwa shaka. Huyu wa mwisho ndiye apelekwe Malindi au Mombasa kwa CT. Kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, na safari hiyo ina nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea. Kama inafanywa, basi ifanywe mara moja na kwa sababu iliyothibitishwa. Mwenye kirusi bila donge apewe miadi ya ultrasaundi kila miezi sita, na anayestahili tenofovia ya kukidhibiti aipate, dawa ambayo hospitali zetu zinaijua kwa miaka mingi kupitia huduma za Ukimwi.

Kuna kiungo kimoja katika mnyororo huo kinachodharauliwa. Mgonjwa wetu ndiye mtunza kumbukumbu wa hospitali. Picha yake hupewa mkononi katika bahasha kubwa ya kaki, naye huiweka chini ya godoro au juu ya kabati. Nyumba ikiingiwa na maji, filamu hushikana na karatasi ya majibu huoza. Akirudi kwa picha ya pili hakuna ya kwanza ya kulinganisha nayo, na daktari hulazimika kuanza upya kana kwamba mtu huyo hajawahi kuugua. Ikiwa uvimbe ulikua, hajui kwa kasi gani. Ikiwa ulisinyaa, hakuna atakayejua kamwe. Picha za siku hizi ni za dijitali. Hospitali inayoipiga inaweza kuitunza na kuituma kwingine bila bahasha. Na kila mgonjwa wa saratani ya ini anayetambuliwa aandikwe katika rejista ya saratani kwa kijiji chake, ili Tana River iwe na hesabu yake badala ya kukadiriwa kutoka Nairobi.

Wale wanaoona kwamba kupiga picha ni kuipunguzia nguvu imani nawaomba walitazame upya jambo hili. Picha haimzuii mtu kumshukuru Mungu. Anayeamini ameombewa akapona hapotezi chochote kwa kuwa na ushahidi wa ini lake kabla na baada. Anapata kitu ambacho daktari, kadhi na mchungaji wanaweza kukitazama pamoja. Kinachodhuru ni ushuhuda unaotolewa mbele ya watu bila ushahidi, kisha jirani mwenye uvimbe wa kweli akausikia, akaghairi kwenda hospitali.

Kwa msomaji wa Garsen na vijiji vya jirani, nina maombi matatu. Kama hujawahi kupimwa homa ya ini B, pimwa, na zaidi ukiwa mjamzito. Ukipigwa picha ya ini, omba nakala na hakikisha hospitali imebaki na yake. Na mwakilishi wako wa wadi akija kuomba kura, muulize lini mtoto anayezaliwa Hola au Ngao atachanjwa siku ileile anayozaliwa.